Dumuzi: Kumtambua na Kumdhibiti Kabla Hajamaliza Chakula

Mazungumzo ya Ofisa Habari wa Halmashauri na wakazi wa Kata ya Ntalikwa



Nimeombwa kuzungumza juu ya wadudu waharibifu wa mimea na namna ya kuwadhibiti kwa njia za asili. Mimi ni mtu wa habari, si bwana shamba. Ninayoyasema nimeyapata kwa wataalamu wa kilimo, na kazi yangu ni kuyafikisha kwenu kwa lugha inayoeleweka.

Wengi walitarajia niwazungumzie viwavijeshi vamizi. Hao, tangu walipoingia nchini mwaka 2017, tumewazoea. Mkulima akiona jani changa la mhindi limetobolewatobolewa na kinyesi kama unga wa mbao kimejaa kwenye kikonyo, humwita afisa ugani siku ile ile. Leo nimemchagua mwingine, kwa sababu huyu hatumwitii mtu. Tunamwona, tunaguna, tunafunga mlango wa ghala. Huyo ni dumuzi, ambaye wengine humwita Skania, kwa jina la lile lori, kwa nguvu zake za kupasua njia.

Ni haki yetu kulijua jambo moja la historia. Mahali pa kwanza barani Afrika ambapo dumuzi alitambuliwa na wataalamu ni hapa Tabora. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, na inaaminika aliletwa na shehena ya mahindi kutoka nje mwishoni mwa miaka ya 1970. Kufikia mwaka 1981 wakulima wa mkoa huu walikuwa wakilalamikia mdudu mgeni anayegeuza mahindi kuwa unga. Mji wetu ni njia panda tangu enzi za misafara: njia iliyotoka Bagamoyo ilifika hapa, ikagawanyika, moja kwenda Ujiji na nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Reli ya Kati ilipofika mwaka 1912 ilipita palepale. Kwa hiyo mdudu huyu hakuhitaji mbawa zake sana, gunia lilimbeba. Mwaka 1983 alikuwa amekwishaonekana Taveta, upande wa Kenya. Mwaka uliofuata aligunduliwa Togo pia, huko Afrika Magharibi, ambako huenda aliingia kwa njia yake mwenyewe.

Sasa tumtambue, maana dawa ya mmoja si dawa ya mwingine. Chukua wadudu wachache kutoka ghalani, uwaweke juu ya karatasi nyeupe penye mwanga. Ukiona mdudu mwenye mdomo mrefu uliochongoka mbele kama mkonga mdogo, huyo ni fukusi, mwenyeji wetu wa siku nyingi. Dumuzi hana mkonga. Ni wa kahawia iliyokolea, ana umbo la mche mfupi wenye urefu wa milimita 3 au 4. Ukimtazama kutoka juu huoni kichwa, kwa sababu kimeinamia chini ya mabega. Na sehemu ya nyuma imekatika wima, kana kwamba mtu amempunguza kwa kisu. Dalili nyingine ni unga. Fukusi hutoboa na kuacha vumbi kidogo. Penye dumuzi utakuta unga mwingi chini ya kihenge, na gunzi unalolishika linabonyea mkononi.

Madhara yake yalipimwa hapahapa. Watafiti waliokagua maghala ya wakulima wa Tabora miaka ya mwanzo ya 1980 walikuta mengine yamepoteza hadi asilimia 34 ya uzito wa mahindi katika miezi michache tu ya kuhifadhi. Yaani katika kila magunia matatu, moja limeliwa. Na makopa ya muhogo hayasalimiki. Huko hutafuna vibaya zaidi. Hasara nyingine haionekani kwenye mizani. Mkulima anayemwogopa dumuzi huuza mahindi mwezi wa Juni, bei ikiwa chini kabisa, kisha Januari hununua debe kwa bei ya mara mbili ili watoto wale. Kwa maoni yangu, hofu hiyo imetutia umaskini kuliko mdudu mwenyewe.

Tufanye nini? Tuanzie shambani. Dumuzi huanza kuingia mahindi yakiwa bado yamesimama, hivyo kuyaacha yakauke shambani hadi mtu amalize kazi ya tumbaku ni kumkaribisha. Vuna yakikomaa, kaushia nyumbani juu ya turubai. Kisha pukuchua. Hili nalisisitiza, ingawa najua wazee wetu walihifadhi magunzi katika vihenge na walikuwa na sababu zao. Fukusi walimweza hivyo. Dumuzi hupenda zaidi punje iliyoshikwa imara kwenye gunzi, kwa kuwa hupata mahali pa kujikaza anapotoboa. Punje zikiwa huru humsumbua. Kupukuchua hakummalizi, lakini humpunguza bila senti moja.

Msidhani kukausha peke yake kunatosha. Dumuzi huweza kuzaana hata katika punje kavu sana ambazo fukusi angeshindwa. Tunakausha ili kuzuia ukungu na sumukuvu, na ili hatua inayofuata ifanye kazi. Kupima ukavu ni rahisi: tia punje na chumvi kavu katika chupa kavu, funga, tikisa, subiri robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani. Isiponata, ongeza siku moja ya jua kwa usalama.

Hatua hiyo inayofuata ni mfuko usiopitisha hewa, ule wenye tabaka mbili za nailoni ndani na kiroba nje. Siri yake si dawa. Wadudu waliofungiwa ndani hupumua, humaliza hewa safi, huacha kula, hufa. Funga kila tabaka peke yake, ukikamua hewa kabla ya kukaza kamba, na usiufungue kila wiki kuchungulia. Uweke juu ya chaga, mbali na ukuta na miti, kwani dumuzi na panya hutoboa nailoni.

Nimetaja miti makusudi. Dumuzi huishi pia katika mbao na matawi makavu ya miyombo, na anaweza kujificha katika nguzo za kihenge kusubiri msimu mpya. Kabla ya mavuno fagia ghala, choma mabaki, badilisha nguzo zilizotobolewa. Usimwagie mahindi mapya juu ya ya zamani. Majivu yana msaada kwa fukusi yakiwa mengi, lakini kwa dumuzi msiyategemee.

Yupo pia adui yake wa asili, mdudu mdogo mweusi anayeng'aa, aliyeletwa kutoka Amerika ya Kati. Aliachiliwa Togo mwaka 1991, Kenya mwaka 1992, na baadaye nchini kwetu. Huifuata harufu ya dumuzi na kula mayai na mabuu yake. Amesaidia kuwapunguza porini, ila ghala lililokwisha jaa hawezi kuliokoa.

Na wenye kulima tumbaku, tafadhalini: sumu ya tumbaku isiguse mahindi ya kula, hata kidogo. Akilazimika mtu kutumia dawa ya unga ya ghalani, aisome lebo, kwa sababu zipo zinazoua fukusi na kumwacha dumuzi akila.

Anayetilia shaka mdudu alionao ampeleke kwa afisa kilimo wa kata akiwa ndani ya chupa iliyofungwa vizuri. Asimbebe katika gunia la mahindi kupitia kwa jirani.