Maswali Matano Kabla ya Kulipia Ploti

Hotuba iliyotolewa kwa wananchi katika kikao cha elimu ya umma kuhusu ardhi



Mtu anayenunua ploti kwa mara ya kwanza huja na pesa alizozihangaikia miaka mingi: akiba ya chama, mkopo wa Sacco au malipo ya kustaafu. Akikosea, mkopo unabaki wake na ploti inabaki ya mwingine. Kwa hivyo maswali ambayo wanunuzi wapya huuliza yanastahili kujibiwa waziwazi.

La kwanza: "Muuzaji amenionyesha hatimiliki. Je, hiyo haitoshi?"

Haitoshi. Mwezi wa Aprili 2023, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, kuhusu ardhi iliyoko Nyali karibu na ufuo. Kampuni hiyo ilikuwa na hatimiliki, tena ilikuwa imenunua. Mahakama ilisema kwamba ikiwa ardhi ilitolewa mwanzoni kinyume cha sheria, hatimiliki pekee haimkingi aliyeinunua baadaye. Mnunuzi anatakiwa kujua ardhi ilitoka kwa nani, na huyo naye aliipata vipi.

Kazi hiyo huanzia kwa msajili wa ardhi. Mnunuzi aombe upekuzi rasmi, yaani sachi, yeye mwenyewe au kupitia wakili wake. Pale ambapo rekodi zimeingizwa katika mfumo wa Ardhisasa, huombwa huko. Sachi huonyesha jina la mwenye ardhi, ukubwa wake, na kama kuna deni la benki au zuio. Asipokee sachi iliyoletwa na dalali. Aombe pia nakala ya rejista ili aone wamiliki waliotangulia, kisha arudie sachi kabla ya kumaliza malipo. Na siku ya kwenda shambani, aende na mpimaji aliyesajiliwa ili mawe ya mipaka yalinganishwe na ramani.

La pili: "Mwenye jina aliaga dunia, lakini watoto wake wote wamekubali kuuza. Kuna tatizo?"

Lipo. Chini ya Sheria ya Urithi, ardhi ya marehemu haiuzwi kabla mahakama haijathibitisha wasimamizi wa mali na mgao wake. Barua ya chifu husaidia kufungua kesi ya urithi, lakini haimpi mtu ruhusa ya kuuza.

La tatu: "Ploti inakatwa kutoka shamba kubwa. Nifanye nini?"

Ardhi ya kilimo huhitaji kibali cha Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na ombi hupelekwa ndani ya miezi 6 tangu makubaliano kufanywa. Sheria inasema kwamba bila kibali hicho mauzo ni batili, na mnunuzi hubaki kudai pesa zake kama deni. Asiridhike na nakala ya hatimiliki ya shamba zima. Aulize kama ugawaji umesajiliwa na kama ploti yake ina namba yake yenyewe.

La nne: "Muuzaji ni jirani yangu. Lazima tuandikiane?"

Lazima. Makubaliano ya kuuza ardhi huandikwa, hutiwa sahihi na pande zote mbili, na huwa na mashahidi. Ikiwa ni makao ya mume na mke, mwenzi wa muuzaji naye sharti akubali. Wengi wamefikishwa mahakamani na mke au mume ambaye hakuulizwa.

La tano: "Nikishalipa bei, nimemaliza?"

Bado. Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu: asilimia 4 mjini na asilimia 2 mashambani. Ploti yenye thamani ya shilingi 800,000 mjini itamgharimu ushuru wa shilingi 32,000, na mashambani shilingi 16,000. Thamani inayotumika ni ile iliyokubaliwa na mthamini wa serikali. Kuna pia ada ya wakili. Vilevile, ahakikishe muuzaji amelipa kodi ya ardhi ya kaunti na kupewa cheti cha kutodaiwa, maana malimbikizo yasipolipwa humsumbua mmiliki mpya. Na akitaka kujenga nyumba za kupangisha, ramani ya jengo iidhinishwe na kaunti kabla ya msingi kuchimbwa.

Mabibi na mabwana, dalali akisema, "Lipa leo, kuna mtu anakuja kesho na pesa taslimu," huyo mtu wa kesho na aje. Ploti isiyoweza kungoja sachi si ya kununuliwa. Atakayeikosa atapata nyingine. Aliyelipa bila kuuliza huenda asizione pesa zake tena.