Mafundi wa Mlima Abu
(Hotuba kwa vikundi vya kujisaidia)

Leo nawapeleka mbali, Bara Hindi. Kunako 1230, huko Gujarat, kulikuwa na waziri tajiri, Tejapala, mtu wa dini ya Jaini. Waumini wa dini hiyo tunao hata Mombasa na Nairobi. Alijenga hekalu la marumaru nyeupe juu ya Mlima Abu, na mpaka leo limesimama.

Sasa sikieni. Yasimuliwa kwamba kazi ilizorota. Pesa zatoka, ukuta haupandi! Mkewe, Anupamadevi, akaona taabu iko wapi: baridi ya mlimani ni kali, mikono imekufa ganzi, na fundi akitoka kazini bado ajipikie mwenyewe. Mama yule hakufukuza mtu. Akataka moto uwashwe karibu na mafundi, wapikiwe chakula pale pale, na wafanye kwa zamu, hawa mchana, hawa usiku. Kazi ikaenda.

Je, ninyi mlio na darasa lililokwama kwenye lenta, yule fundi mlimlipa lini? Siulizi kwa kuwacheka. Kamati yangu mimi ilikuwa na deni la fundi la miezi minne, nasi tukimwita mvivu.