Picha Inayofanana Huanza kwa Anayeiagiza

(Mazungumzo ya ofisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wachoraji na wachongaji vijana wa Kitui na Makueni)



Huku Ukambani uchongaji si jambo geni. Mutisya Munge wa Wamunyu, katika kaunti jirani ya Machakos, anakumbukwa kwa kujifunza kuchonga kule Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Aliporudi, ufundi huo ulienea. Tangu hapo tumezoea kazi ya kurudia: twiga kumi, swara ishirini, wote wa umbo moja, tayari kwa soko la watalii. Mteja wa twiga haulizi ni twiga yupi.

Siku hizi mnaombwa kitu tofauti. Familia inataka sura ya marehemu baba. Shule inataka picha ya mwalimu mkuu anayestaafu. Hapo mteja ana swali moja tu: "Anafanana?" Asiporidhika, msanii hurudi nyumbani bila malipo.

Ndiyo maana nimechagua kuzungumzia uhalisia uliokithiri, yaani kuchora au kuchonga mpaka mtazamaji adhani anaona picha ya kamera, au mtu mwenyewe. Sanaa hii ilishika kasi Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960. Duane Hanson alichukua umbo la miili ya watu walio hai, akatengeneza sanamu za fibaglasi, akazipaka rangi ya ngozi na kuzivisha nguo halisi. Hakutafuta wafalme, alitengeneza vibarua, wafagizi na wanunuzi wa dukani. Ron Mueck, mzaliwa wa Australia, alitengeneza sanamu ya babake aliyefariki yenye urefu wa takriban mita 1 tu. Ni ndogo kuliko mtu mzima, lakini bado inashtua, kwa sababu ngozi na nywele zimeangaliwa kwa makini. Mfanano hautokani na ukubwa.

Hapa Kenya, Eddy Ochieng anajulikana kwa picha za rangi za mafuta zinazokaribia kulidanganya jicho. Sanamu ya Dedan Kimathi jijini Nairobi, kazi ya Kevin Oduor, ilizinduliwa tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili baada ya Kimathi kunyongwa. Hiyo ni shaba ya rangi moja, si uhalisia uliokithiri, lakini mpita njia humtambua shujaa wake. Mwaka 2024, Eldoret ilipopandishwa hadhi kuwa jiji, baadhi ya sanamu zilizowekwa huko zilichekwa mitandaoni, zikaondolewa. Aibu ya namna hiyo humwangukia mchongaji, ilhali ubora wa kazi hutegemea pia alichopewa na aliyemwagiza.

Basi nyinyi mnaoagiza, ziwe familia, makanisa au ofisi za umma, leteni picha kadhaa: ya mbele, ya kila upande, zilizopigwa mchana. Picha ndogo ya kitambulisho, au iliyofifia kwa kutumwa simu hadi simu, haionyeshi kovu wala mkunjo wa jicho. Toeni muda wa kutosha. Toeni malipo ya kwanza, na mapatano yaandikwe. Njooni mtazame kazi ikiwa bado ni udongo au penseli, wakati kurekebisha ni rahisi.

Nanyi wasanii, picha mnayoinakili ina mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 humlinda mpiga picha kwa miaka 50. Ombeni ruhusa yake, na ya mtu anayeonekana. Kazi zenu pia zinalindwa. Mnaweza kuzisajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya.

Na pale ambapo hakuna picha, semeni ukweli. Kivoi wa Mwendwa, mfanyabiashara wa Kitui aliyempokea Krapf mwaka 1849, hakuacha picha ya kamera. Anayemchonga anachonga fikira zake, na kibao chini ya sanamu kiseme hivyo.

Lakini mama anayesukuma punda wenye mitungi ya maji yuko hai leo. Mwombeni ruhusa, mtazameni vizuri, mchoreni yeye, si mama yeyote tu. Hapo ndipo kazi yenu itatofautiana na wale twiga kumi.