Mzigo na Njia Kwanza: Hotuba kuhusu Uchaguzi wa Shokapu Zinazorekebishika



Mazungumzo yetu ya leo yanahusu shokapu na springi za gari, hususan zile seti zinazorekebishika ambazo mafundi huziita koilova. Zamani vifaa vya aina hii vilihusishwa zaidi na magari ya mashindano. Siku hizi vinauzwa kwa wenye IST, Probox, Noah na hata pikapu, na muuzaji huahidi kwamba gari litainuka, litabeba zaidi, wala halitarukaruka tena. Bei yake si ndogo. Tena hasara ya kuchagua vibaya haiishii mfukoni, kwa kuwa shokapu ndiyo inayolishikisha tairi na barabara pale dereva anapofunga breki au anapokata kona akiwa na watu ndani.

Mji wetu wa Tabora una busara ya zamani katika jambo hili. Hapa Unyanyembe ndipo misafara iliyotoka Bagamoyo ilipopumzika na kugawanyika, mingine ikielekea Ujiji, mingine ikipanda kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Mpagazi alichukua mzigo wa takriban frasila 2, yaani kilo 32 hivi, nao ulipimwa na kufungwa kabla ya kuondoka. Reli ilifika mwaka 1912, na baadaye magari, lakini swali la msafiri ni lile lile: mzigo ni kiasi gani, na njia ni ipi? Mnunuzi wa shokapu anapaswa kuanza na swali hilo kabla ya kuuliza bei au chapa.

Kazi ya kila kifaa

Springi hubeba uzito wa gari. Shokapu haibebi uzito huo. Kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kupanda na kushuka baada ya gari kupita shimo. Katika koilova, springi huizunguka shokapu na kukaa juu ya kitako chenye nati, na mwili wa shokapu umechongwa hesi ili nati hiyo ipandishwe au ishushwe. Nyuma ya magari mengi madogo springi na shokapu hukaa mbalimbali, na huko kitako cha kurekebisha huwekwa kwenye springi peke yake.

Hapa kuna dhana potofu inayowagharimu wengi. Fundi akipandisha nati, gari huinuka, na mwenye gari hudhani kwamba springi imekuwa na nguvu zaidi. Sivyo. Ugumu wa springi ya kawaida hutokana na unene wa waya wake, upana wake na idadi ya mizunguko yake. Nati hubadilisha kimo cha gari tu. Gari likiinuliwa mno kwa njia hiyo, shokapu hukosa nafasi ya kunyooka, na gurudumu likiingia shimoni halishuki vya kutosha kuigusa ardhi.

Jambo la pili: hakuna koilova inayoongeza uzito ulioruhusiwa na mtengenezaji wa gari. Breki, ekseli, beringi na tairi hubaki zile zile. Watu 5 wenye kilo 70 kila mmoja ni kilo 350 kabla ya kuweka mfuko hata mmoja. Gari dogo likiwa katika hali hiyo, huenda limekwisha kukaribia kikomo chake.

Chaguo nne zilizopo

La kwanza ni shokapu na springi mpya za aina ile ile iliyotoka na gari. Kwa familia inayotembea Kitete, Isevya na Ng'ambo, na mara chache kwenda Nzega, chaguo hili mara nyingi ndilo bora. Magari mengi yanayosemekana kuwa "laini mno" hayahitaji kifaa kipya cha kurekebisha. Yana shokapu zilizokwisha kuvuja mafuta au bushi zilizokatika. Badilisha kwa jozi, kushoto na kulia, ndipo upime haja ya kingine.

La pili ni springi ngumu zaidi pamoja na shokapu zinazolingana nazo, zisizorekebishika. Hizi zinamfaa mtu ambaye mzigo wake ni ule ule kila siku. Mwenye pikapu anayebeba tumbaku kutoka Urambo au madumu ya asali kutoka Sikonge aangalie kwanza nyuma ya gari lake. Pikapu nyingi zina springi za vyuma bapa huko nyuma, ilhali koilova huwekwa mbele. Atalipa fedha nyingi mbele, na mzigo uko nyuma.

La tatu ni koilova inayorekebishwa kimo tu. Inamfaa mtu mwenye sababu ya kweli ya kubadilisha kimo cha gari, naye yu tayari kufanyiwa vipimo vya magurudumu kila anapobadilisha. Zingatia kwamba seti nyingi za magari madogo zimebuniwa kulishusha gari kwa ajili ya barabara laini. Uliza kimo cha juu kabisa kinachofikiwa. Ikiwa kimo hicho kiko chini ya kile cha kiwandani, seti hiyo haikutengenezwa kwa njia zetu za udongo.

La nne ni koilova inayorekebishwa kimo pamoja na ukali wa shokapu, kwa kifundo kinachozungushwa hatua kwa hatua. Hii ndiyo ghali kuliko zote. Faida yake huonekana kwa dereva ambaye wiki hii anasafiri peke yake kwenye lami na wiki ijayo anapakia watu kwenye njia ya mashimo, naye hukizungusha kifundo hicho kila hali inapobadilika. Asiyekigusa amenunua kitu asichokitumia. Anayekitumia aanze katikati, abadilishe hatua 2 kwa mara moja, aziandike, na alinganishe kushoto na kulia.

Wako pia wanaoweka spesa, yaani kipande cha chuma au plastiki ngumu juu ya springi. Ni njia rahisi ya kuinua gari, lakini haiongezi nguvu ya kubeba, na ikizidi huvuta mpira wa breki na kuharibu pembe ya ekseli za mbele.

Mchanga na matope

Mikoa ya magharibi ina adui wawili wa hesi za koilova. Kiangazi vumbi na mchanga hujaa kwenye hesi. Kati ya Novemba na Aprili matope huziba na kutu huingia. Baada ya msimu mmoja bila kusafishwa, nati inaweza kugoma kabisa, na kifaa kinachorekebishika kikawa hakirekebishiki tena. Chagua seti yenye kifuniko cha vumbi kwenye fimbo ya shokapu, na kinga dhidi ya kutu kwenye mwili wake. Zisafishe hesi kwa brashi na maji kila baada ya safari ya matope, uzikaushe, na mwambie fundi azikague katika kila sevisi.

Maswali ya kumwuliza muuzaji

Kabla ya kulipa, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, gari likiwa tupu, kisha likiwa na mzigo wako wa kawaida. Nenda dukani na vipimo hivyo, kisha uliza:

1. Je, seti hii ni ya modeli na mwaka wa gari langu hasa?
2. Ugumu wa springi ni kilo ngapi kwa milimita, mbele na nyuma?
3. Je, sili na fimbo hupatikana peke yake, au ikivuja nitanunua nzima?
4. Dhamana ni ya muda gani, na inahusu njia za udongo?
5. Kifaa kikirudishwa, nani hulipia usafirishaji?

Swali la mwisho si dogo. Vipuri vingi vya Tabora hutoka Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita 800 kwa reli. Dhamana isiyosema nani hubeba gharama hiyo inaweza kukuachia wewe mzigo wake.

Haki zako

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, humlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi ya bidhaa na kuutegemea ujuzi wake. Kwa hiyo usitaje jina la chapa peke yake. Sema: "Nataka shokapu za gari litakalobeba watu 5 na mizigo, kwenye njia ya udongo," na uombe maneno hayo yaandikwe kwenye hati ya mauzo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza muuzaji kumpotosha mlaji kuhusu ubora na matumizi ya bidhaa. Dai risiti ya mashine ya EFD na uhifadhi boksi lenye namba za kifaa. Malalamiko ya udanganyifu na bidhaa bandia yapelekwe Tume ya Ushindani. Yanayohusu ubora na viwango yapelekwe Shirika la Viwango Tanzania.

Baada ya kufungiwa, dai vipimo vya magurudumu vifanywe, taa zielekezwe upya, na mipira ya breki ikaguliwe usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho, kushoto na kulia. Ijulishe kampuni yako ya bima kwamba gari limebadilishwa. Kisha, baada ya kilomita chache, mrudie fundi akaze nati zote.

Ndugu wananchi, koilova si kifaa kibaya, wala si dawa ya kila gari. Pima mzigo wako, itazame njia yako, ujiulize kama utaigusa ile nati mwaka mzima. Ukiona hutaigusa, nunua shokapu mpya za kawaida zilizo bora, na fedha itakayobaki inunulie tairi nzuri.