Kuutambua Ugonjwa Mgeni wa Njugu Karanga
(Maneno ya hotuba kwa wakulima wa Kitui na Makueni)



Mkulima aonapo njugu zake zimedumaa, neno la kwanza limjialo ni ukame. Si ajabu, maana katika nchi ya Ukambani mvua ndiyo hakimu wa kila shamba. Lakini jua kali huinyausha mimea yote pamoja, na mvua ikinyesha mingi huinuka tena. Basi ukiona mche mmoja hapa na kikundi pale vimedumaa, hali jirani zao wanastawi, na mvua isivifae kitu, yafaa kushuku ugonjwa.

Ugonjwa ujulikanao zaidi ni rozeti, ulioelezwa mara ya kwanza mwaka 1907 katika nchi ambayo leo ni Tanzania bara. Shina huwa fupi, majani huwa madogo yaliyojikunja na kusongamana. Pengine hugeuka rangi ya manjano, pengine hubaki kijani iliyokoza. Mche ukishikwa kabla ya kutoa maua, huenda usizae hata njugu moja. Ugonjwa huu huenezwa na vidukari, wale wadudu wadogo weusi wafyonzao utomvu.

Wataalamu waliouchunguza waliona kwamba rozeti haina mkosaji mmoja. Kuna virusi viwili, pamoja na kijisehemu cha tatu ambacho hakiwezi kuzaana peke yake. Kirusi kimoja hakina vazi, huazima la mwenziwe ili kidukari apate kukichukua. Na kile kijisehemu cha tatu ndicho hasa kiletacho dalili. Kwa hiyo kipimo kitambuacho vazi peke yake hakitoshi. Hakina budi kuongezwa kipimo cha asili ya urithi wa virusi.

Upo ugonjwa wa pili, wa madoa ya kijani hafifu na iliyokoza kwenye majani, ambao habari zake katika Afrika ya Mashariki zilichapishwa mwaka 1973. Huu ni mpole kwa macho, na mche waweza kuonekana mzima. Nao pia huchukuliwa na vidukari.

Huenda mtu akauliza, “Jina la ugonjwa litanifaa nini?” Litakufaa siku ya kuchagua mbegu. Rozeti haipiti katika mbegu. Ule wa madoa hupita. Mama aliyeweka debe la mbegu kwa mvua ijayo, asipojua ni upi uliomwingilia, aweza kuitupa mbegu njema, au kuupanda ugonjwa kwa mkono wake mwenyewe.

Basi fanyeni hivi. Pandeni mapema mvua zianzapo, tena kwa kukaribiana bila kuacha mapengo, kwa kuwa vidukari hupenda kutua penye miche iliyotawanyika. Ng’oeni njugu zilizojiotea baada ya mavuno, kwani humo ugonjwa huweza kungojea msimu mwingine. Ulizeni habari za mbegu zinazostahimili rozeti. Ustahimilivu huo ulionekana kwanza Afrika ya Magharibi mwaka 1952.

Na mkiona dalili msizozijua, msikisie. Ng’oeni mche mzima pamoja na mizizi, ufungeni katika karatasi, andikeni mahali ulipotoka na tarehe, kisha mpelekeeni afisa wa kilimo upesi kabla haujanyauka. Ugonjwa mgeni hutambuliwa katika maabara, lakini wa kwanza kuuona ni mwenye shamba.