HAKI YA RAIA JUU YA KANUNI ZA UCHAGUZI WA MITAA
(Mazungumzo kwa wakaazi wa Misugusugu, Kibaha)



Mwenyekiti wa Mtaa huchaguliwa na wakaazi, lakini kanuni za uchaguzi wa tarehe 27 Novemba, 2024 zilitungwa na Waziri. Kanuni si msahafu. Ibara ya 21 ya Katiba humpa raia haki ya kushiriki katika maamuzi yanayomhusu. Ibara ya 26 humruhusu kwenda mahakamani kuilinda Katiba.

Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alidai mgombea binafsi, hata katika Serikali za Mitaa. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika, Arusha, ilimpa haki. Hata hivyo, mwaka 2024 asiye na chama hakuweza kugombea.

Basi hoja zitolewe mapema katika mikutano ya mtaa, na ziandikwe katika muhtasari. Mali bila daftari hupotea bila habari.