Umelipa Shamba, Muuzaji Amegeuka: Sheria Inasema Nini?

(Mazungumzo kwa wakazi katika baraza la wananchi)



Kesi nyingi za shamba huanza kwa amani. Watu wawili wanaojuana huketi chini ya mti, mmoja akahesabu pesa, mwingine akaonyesha mipaka. Karatasi ya daftari huandikwa, chai ikanywewa, na mnunuzi akaingia kulima. Hupanda migomba, akajenga nyumba, akamzika mzazi wake hapo. Miaka kumi baadaye lami inafika, bei ya ekari inapanda, na watoto wa muuzaji wanasema, "Baba alikukodisha tu." Hatimiliki bado ina jina la baba.

Je, mahakama inaweza kumlazimisha muuzaji atimize ahadi? Inaweza. Inaweza kuamuru shamba lihamishwe, na muuzaji akikataa kutia sahihi, afisa wa mahakama huamriwa kutia sahihi kwa niaba yake. Lakini amri hiyo haitolewi kwa huruma. Mnunuzi lazima athibitishe mambo kadhaa.

La kwanza ni maandishi. Sheria ya Mikataba inataka mauziano ya ardhi yaandikwe, yatiwe sahihi na pande zote mbili, na kila sahihi ishuhudiwe na mtu aliyekuwepo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mkataba mzuri hutaja nambari ya shamba, ukubwa, bei, kiasi kilicholipwa, salio na tarehe ya kulimaliza.

La pili ni kibali cha bodi ya ardhi, na hapa ndipo wengi huanguka. Kwa shamba la kilimo lililo katika eneo linalosimamiwa na bodi, ombi la kibali linapaswa kuwasilishwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba ufanywe. Mahakama inaweza kuongeza muda kukiwa na sababu ya kutosha. Bila kibali, sheria husema mauziano hayo ni batili, na mnunuzi hubaki na haki ya kudai pesa zake kama deni. Hebu fikirieni: pesa za miaka kumi iliyopita zinanunua nini leo?

Jambo hili liliwagawanya hata majaji. Mwaka 2014, Mahakama ya Rufaa iliwalinda wanunuzi zaidi ya 80 waliokuwa wamelipa na kuingia katika viwanja vyao bila kibali cha bodi. Ilisema muuzaji aliyepokea pesa na kuwaacha watu wakae alikuwa amelishika shamba kwa niaba yao. Mwaka huohuo, majaji wengine wa mahakama hiyohiyo waliamua kesi nyingine kinyume, wakisema pasipo kibali hakuna mauziano. Mwaka 2018 mahakama hiyo ilirudi kwenye msimamo wa kumlinda mnunuzi, ikikumbusha kwamba usawa ni miongoni mwa maadili ya kitaifa katika Katiba ya 2010.

Uamuzi huo usimfanye mtu alale. Aliyelindwa ni yule aliyelipa, akaingia shambani na kukaa kwa ridhaa ya muuzaji. Aliyelipa nusu kisha akanyamaza hana nguvu hiyo. Mahakama humuuliza mnunuzi: umemaliza salio, au uko tayari kulimaliza? Anayedai haki naye aje na mikono safi.

Kuna mauziano mengine yanayoyumba tangu mwanzo. Shamba likiwa bado na jina la marehemu, mwana hawezi kuliuza kabla mahakama haijathibitisha usimamizi wa mirathi. Na mali ya ndoa haiuzwi na mume peke yake wala mke peke yake. Ridhaa ya mwenzake inahitajika.

Basi mnunuzi afanye hivi. Kabla ya kutoa hata shilingi, akague rekodi za shamba katika masjala ya ardhi ajue mwenyewe ni nani, na kama kuna mkopo au zuio. Alipe kupitia benki au simu, na ahifadhi risiti. Aende bodi pamoja na muuzaji mapema. Akiona muuzaji anakwepa, aombe msajili aweke zuio ili shamba lisiuziwe mtu mwingine, kisha amwone wakili. Asikawie: kesi ya kudai ardhi hufungwa mlango baada ya miaka 12, na ya mkataba baada ya miaka 6.

Na wewe muuzaji, pesa ulizopokea zilikuwa jasho la mtu. Kama bado hujampeleka bodi, mpeleke ukiwa hai. Ukiondoka bila kufanya hivyo, unawaachia watoto wako kesi na jirani mwenye kinyongo.